Mgomba wa Mama Xaveria

Siku ile kijiweni tulikuwa hivi: Hatibu Redio, muuza misumari, Mwesiga Banzi, anayepasua mbao pale mashineni, Cleophace wa bodaboda, mimi Mama Edith na birika langu, Edith mwenyewe akiwa mgongoni, na mama mmoja mzee ambaye Cleophace alikuwa amemleta kutoka Ihembe. Mwesiga alimpisha upande wa benchi usio na vibanzi vya kuchoma, akaufuta kwanza kwa kofia yake. Kijiwe chetu kipo kati ya mashine ya mbao na mto, na mabishano yalianza hata kikombe cha kwanza hakijaisha.

— Mji huu uliletwa na mashine, alisema Hatibu. Ilikuwa inapelekwa Uganda, lori likakwama kwenye tope. Wakaifunga hapo hapo.

— Redio, leo umeshika mawimbi mabaya, alisema Mwesiga. Mji uliletwa na mto. Magogo yalielea kutoka juu, yakaja kukwama hapa kwenye kona.

— Kona gani? Mto umenyooka kama rula!

— Magogo ndiyo yaliyounyoosha. Kila siku yanagonga ukingo, puu, puu, mpaka kona ikaisha.

Cleophace alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Nyote waongo. Mto ulikuwa unapita hapa tulipokaa. Ulikimbia kelele za msumeno.

— Mto una masikio?

— Viboko wanayo! Walihama usiku, wakaondoka na maji yao.

— Wewe, abiria wakikusikia watatembea kwa miguu.

Mama mgeni naye alicheka, mkono mdomoni. Kisha akaweka kikombe chini.

— Samahani wanangu. Naona habari za hapa mnazijua zote. Nyumba za watu wa mashine ya zamani zilikuwa upande gani?

— Unamtafuta nani, mama? nilimuuliza.

— Namtafuta mgomba. Mimi Xaveria nilizaliwa hapa, baba alikuwa mpasuaji. Kitovu changu kilizikwa kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba yetu. Tulihama ningali mdogo. Nilitaka niuone tu, kabla miguu haijanikatalia.

Hatibu alitazama duka lake. Mwesiga alitazama uwanja wa mashine, ambako hakuna mgomba hata mmoja, ni mabanzi na unga wa mbao tu.

— Sijui, mama, alisema Hatibu.

Tangu nianze kuuza kahawa pale, sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

— Hata mimi, waitu, mama yetu, alisema Cleophace.

Mwesiga aliinuka, akaenda kwake bila kuaga. Tulidhani amekasirika. Alirudi na jembe mkononi, na chipukizi la mgomba begani likiwa bado na udongo wake.

— Siyo wenyewe, mama. Lakini ni wa hapa hapa.

Mama Xaveria alilipokea kwa mikono miwili, akaelekeza nyuma ya benchi. Hatibu, na kanzu yake nyeupe, ndiye aliyechimba. Mama mwenyewe alilisimamisha, akashindilia udongo kwa kiganja, taratibu, kama ninavyompigapiga Edith mgongoni alale.

Mgomba ulipozaa, Mama Xaveria alikuja tena; mkungu wa kwanza tuliupika pale kijiweni, na ndizi alizimenya yeye.