Mama Kutu na Magari Yaliyong'aa Mno

Katika ile filamu yetu ya mashindano ya magari ya enzi za babu zetu, dereva wa gari jekundu lililoshinda ni mimi. Haya, msinikodolee macho: nililisukuma tu. Ila leo habari si yangu. Ni ya Mama Kutu, anayestaafu tarehe thelathini Juni baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya studio.

Kazi yake ni kuzeesha. Mpe gari lililoundwa jana, atakurudishia lina kutu, mikwaruzo na mafuta yaliyoganda, utadhani lilizikwa likafufuliwa. Sisi wengine tunazeeka bure. Yeye analipwa kwa kuzeesha.

Magari yote ya filamu ile aliyazeesha kwa mkono wake. Uwanja tulipewa siku moja tu, na bosi alishasema: filamu ikikwama, karakana inafungwa, kila mtu ashike njia yake. Asubuhi hiyo wenzetu wa usafi wakasikia bosi anakuja. Kwa heshima zao zote, wakayasugua magari mpaka yakameremeta kama sufuria za bibi harusi! Mwongozaji akakaa chini, kofia usoni. Fundi mkuu alipofika akauliza nani amefariki.

Mama Kutu hakumgombeza mtu. Aliyazunguka magari, akasonya, akasema uzee haupakwi kwa haraka, unatafutwa barabarani. Akawaamuru madereva washindane kweli kweli kwenye njia ya vumbi nyuma ya uwanja, na mpiga picha asithubutu kuzima kamera. Jekundu likagoma. Hapo ndipo Mama Kutu alipouita mgongo wangu. "Sukuma, mzee! Baiskeli yako nitaipaka rangi iwe mpya!"

Likakohoa, likawaka, likaniachia moshi wote, likawapita wenzake kwenye kona ya mwisho. Madereva walirudi vumbi tupu, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Na mbio zile zile ndizo zilizowainua watu vitini kwenye kumbi za sinema. Waliopiga vigelegele kuliko wote ni watu wa usafi. Karakana ipo mpaka leo, na sisi tumo.

Mama Kutu, asante sana. Kapumzike, na uzee wako uje taratibu, bila kupakwa. Ila usifungashe brashi zote. Baiskeli yangu bado iko pale mlangoni, inajizeekea yenyewe. Mara moja tu maishani mwako, dada, fanya kitu kiwe kipya.