Mvua Imenyesha na Darasa Limesoma

Kijiwe chetu ni ubao mrefu kwenye kibaraza cha saluni ya Redio, kinyozi anayefanya kazi zaidi kwa mdomo kuliko kwa mashine. Tunatazamana na geti la shule ya msingi. Jana mchana ilinyesha mvua kubwa, ya kwanza tangu madarasa mapya yafunguliwe, na kutoka ng'ambo ya barabara tukasikia watoto wa darasa la kwanza wakisoma silabi, ba, be, bi, huku maji yakimwagika. Zamani mvua ikianza, masomo yalikufa. Bati lilipiga kelele mpaka mwalimu akaweka chaki chini. Kwa hiyo leo asubuhi, kahawa haijapoa, mada ilikuwa moja tu.

— Kule juu kwenye paa wamejaza magodoro, alisema Redio. Niliona lori la magodoro likipita wiki ile.

— Lile lilikuwa la hospitali, akajibu Soli, fundi viatu, bila kuinua macho. Siri ni udongo. Ukuta wote ni matofali ya udongo waliouchimba palepale kwenye msingi. Udongo unakunywa sauti. Umewahi kupiga kelele ukiwa shimoni?

— Wewe umewahi?

— Nimechimba vyoo miaka mitatu kabla ya viatu. Naitisha maji ya kunywa, wa juu hasikii.

— Basi ngoja nikuongezee. Ile mifereji ya paa haikusanyi maji peke yake. Kelele inashuka nayo mpaka kwenye tangi. Ndiyo maana jana tangi lilikuwa linanguruma.

Tukacheka. Hata Mama Kahawa, mwenye birika lake, alicheka, na yeye si mtu wa kucheka hovyo.

Pima Maji hakucheka. Huyu ni mwashi, tumempa jina la kile kifaa cha kupimia usawa kwa sababu hata kikombe hukiweka sawa kwanza ndipo anywe. Kuta za madarasa mapya amezijenga yeye, na mwalimu wa darasa la kwanza ni mkewe.

— Hakuna godoro wala nini, alisema. Juu bati, chini dari ya matete yaliyofumwa, katikati tumeacha nafasi mtu anaweza kutambaa. Kelele inafia mle. Upepo nao unapita mle, unaondoka na joto. Madirisha yamelikwepa jua la mchana. Mwanga unaingia, taa hakuna anayewasha.

— Mbona yule binti msanifu aliyeyachora ulikuwa unamcheka? Redio akauliza.

— Nilimcheka. Alikuja na buti kubwa kuliko miguu yake, akaniambia tujenge kwa udongo. Nikamwambia, mwanangu, miaka thelathini nawatoa watu kwenye udongo, wewe unanirudisha. Hakubishana. Akashindilia tofali moja kwa mashine ya mkono, udongo na saruji kidogo, likakaa kivulini wiki nne, kisha akalizamisha kwenye ndoo ya maji. Baada ya siku tatu akaniambia, mzee, litoe mwenyewe.

— Likawaje?

— Nililigonga kwa mwiko. Mwiko ndio uliopinda.

Akanywa funda moja, akakiweka kikombe sawa.

— Ila hilo silo lililonigeuza. Kabla hajachora hata mstari, yule binti alikaa siku tatu kwenye darasa la zamani, dawati la nyuma, pamoja na watoto. Siku ya pili mvua ikanyesha. Akamsogelea mke wangu sikioni, akamwuliza, mama, hapa kinachokuumiza zaidi ni nini? Mke wangu akajaribu kujibu, hasikiki. Akaandika ubaoni: sauti yangu.

Sote tunamjua mwalimu na sauti yake ya kukwaruza. Watoto wetu humwiga. Tulidhani kazaliwa hivyo.

— Siku za mvua akirudi nyumbani alikuwa anaongea kwa mikono, Pima Maji akaendelea. Leta maji. Funga mlango. Jana alirudi, akakaa, akaanza kusimulia. Nani kasoma ukurasa mzima, nani kaficha kifutio cha mwenzake. Alisimulia mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa namsikiliza tu.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni hapa mtaani, kamshika mkono binti yake mdogo. Alikuja kumwandikisha shule, akasimama kusikiliza.

— Samahani, baba zangu, alisema. Hayo madarasa ya zamani aliyajenga nani?

Redio akaangalia ndani ya kikombe chake. Soli akapitisha sindano kwenye tundu alilokwisha kulishona.

— Niliyajenga mimi, alisema Pima Maji.

— Na wakati ule matete hayakuwepo?

Yule mama hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Matete hayo yanaota bondeni nyuma ya shule, na yalikuwepo kabla yetu sisi sote. Pima Maji akatutazama mmoja mmoja.

Mwishowe akainuka, akajikung'uta suruali.

— Njoo, mwanangu, nikupeleke kwa mwalimu, alimwambia yule mama. Yupo, na leo anaongea.