Chaja ya Mashine ya Chepsaita

Wewe unayenikunjia uso kabla sijaanza, kunjua. Najua unachowaza: mama wa kuuza chai, darasa la saba, atajua nini habari ya laptop? Sijasema najua laptop. Nasema nilikuwako, na wewe hukuwako. Kama huamini wanaume wazima wanaweza kunyamazishwa na chaja, basi hujui wanaume, shauri yako. Shika kikombe, usikilize.

Ilikuwa msimu wa mvua, miaka minne hivi tangu vita vya kura. Benchi ya kijiwe chetu hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, hukaa nje ya kibanda changu, lakini siku hiyo mvua ilipiga mpaka wakaibeba ndani, wakaiweka kati ya jiko na mlango, nikawa napita kando kama mgeni kwangu mwenyewe. Juu ya benchi kulikuwa na laptop nyeusi. Kipyego alikuwa ameitoa kijijini Chepsaita, kwa ghala ya marehemu ndugu yake, chini ya magunia ya mahindi. Binti yake Jemutai alikuwa ameitwa yunivasiti, na hiyo ndiyo zawadi aliyopata kumpa. Haikuwa na chaja. Jemutai alikuwa ametumwa mjini kumuuliza fundi ni chaja gani itafaa, lakini kijiwe kina haraka kuliko fundi.

— Chaja ni kama kiatu na mguu, Transfoma akaanza. Ikiingia, ni yake.

Huyu ni Kipkoech. Zamani aliwabebea watu wa stima ngazi, na tangu hapo hakuna waya Eldoret ambao yeye hajui mama yake. Alikuwa amekuja na mfuko wa chaja kuukuu, zimeshikana kama matumbo ya mbuzi.

— Na kiatu kikiingia halafu kikufinye? nikamuuliza.

— Mama Nanzala, wewe pika chai.

— Hapana, ngojeni, akasema Askofu. Askofu ni Jeconia. Hajawahi kuhubiri, hupiga ngoma tu kanisani, lakini sauti anayo. Akaendelea: Hii kitu imelala miaka. Ukiipatia stima yote mara moja, itakufa. Mtu ametoka kwa njaa unampa uji, si nyama. Tuanze na chaja ya redio, hii ya volti sita. Haba na haba hujaza kibaba.

— Volti sita! Transfoma akacheka. Hiyo hata tochi ya mlinzi haiwezi.

— Itaingia pole pole. Kesho kutwa itakuwa imeshiba.

— Askofu, hiyo ni laptop, si ndama.

Kipyego alikuwa anaipangusa vumbi la mahindi kwa mkono wa koti.

— Nyinyi chungeni, akasema. Sina ingine. Msichana akienda bila, atakuwa mtu wa kuomba ya wenzake kila siku.

— Baba Jemutai, relax, Transfoma akamwambia. Trekta ikilala shambani kiangazi chote, unaiamsha na nini? Si unaishtua na betri ya lori? Volti ishirini na nne! Dawa ya moto ni moto.

— Hiyo methali ni ya ugomvi, nikasema.

— Hata hii ni ugomvi. Si imekataa kuwaka?

Askofu akasema volti ishirini na nne zitaichoma. Hapo ndipo Transfoma akatoa elimu yake yote.

— Itachoma huko chini, si hapa. Stima ikipanda hii milima yetu inachoka. Si mnaona wakimbiaji? Hapa wanahema, wakishuka huko kwa watu wanapaa. Hata stima ni hivyo. Chaja imeandikwa ishirini na nne, ikifika Eldoret ni kumi na tisa. Ndio maana chaja za Mombasa zinafaa hapa.

Kipyego akaitikia kwa kichwa. Mtu akitaka kitu sana, hata upuzi humwingia kama maji. Askofu naye akashindwa, kwa sababu ana mpwa anayekimbia, na mpwa huyo kweli huhema.

Chaja ya ishirini na nne ikatafutwa kwa ule mfuko. Pini yake ilicheza ndani ya tundu. Transfoma akakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaizungushia, ikakaza. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Wakaiacha imechomekwa hivyo kwa ukuta, wakakunja mikono kungoja irudi.

Kabla haijarudi, akaingia Jemutai, amelowa mpaka nywele. Hakusalimia. Aliona ile waya, akaichomoa.

— Baba, mlikuwa mnataka kuichoma?

— Mtoto, salimia watu, Askofu akasema.

— Shikamooni. Fundi amesema volti lazima ziwe zile zile zimeandikwa chini ya mashine. Zikizidi unaua, zikipungua haiwaki. Amps, kile kiasi cha stima chaja inatoa, ziwe sawa ama zaidi, zikipungua chaja ndiyo inaungua. Na mpaka muangalie kama plus iko ndani ya pini ama nje. Amesema kuingia kwa tundu si kitu.

— Fundi mwenyewe ni wa juzi, Transfoma akasema.

— Basi tusome. Si imeandikwa?

Akaipindua, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Sisi wote tukainama.

Sikiza, hapa kwetu mtu huandika jina kwa kitu chake. Sufuria, jembe, kiti cha kuazimwa matangani, yote ina jina, kwa rangi au kwa rangi ya kucha, ili irudi kwa mwenyewe. Kwa hivyo kila mmoja pale alijua anachoangalia. Tumbo la ile mashine lilikuwa limekwanguliwa kwa kisu, na si kwa haraka; mtu alikuwa ameketi akakwangua. Kwa kona palikuwa pamebaki mkia mwekundu wa herufi. Kibandiko cha volti kilikuwa hapo hapo. Aliyeondoa jina aliondoa na volti pamoja.

Jemutai akapitisha kidole.

— Hapa palikuwa na jina la nani?

Transfoma akaingiza mkono tena kwa mfuko wake wa chaja.

— Sasa, Transfoma akasema, kwa vile haijaandikwa, tunaweza jaribu kumi na tano kwanza, halafu...

— Nimeuliza jina.

— Marehemu hasemwi vibaya, Askofu akasema.

— Sijamsema. Nimeuliza tu.

— Ndugu yangu aliinunua, Kipyego akasema, akiangalia jiko.

— Baba, hata simu sisi watoto ndio tulikuwa tunambonyezea. Laptop angefungua na nini?

Hao wanaume wanajua mpaka ng'ombe wa nani alizaa mapacha. Lakini mwaka ule wa vita ukitajwa, kila mtu hukumbuka alikuwa amesafiri. Ukienda kwa nyumba za watu hapa, za huyu na za yule, na usidhani ni kabila moja, utakuta kiti ambacho hakiulizwi kilitoka wapi, utakuta mlango ambao haukutengenezewa fremu ile. Kiti wanakikalia, mlango wanaufungua, na maisha yanaendelea. Mpaka mtoto apindue kitu.

Mimi ule mkia mwekundu niliujua.

— Chaja ya hii mashine niliiona, nikasema.

— Wapi? Transfoma akaruka na furaha, maskini.

— Showground, kwa hema za waliofukuzwa, ile Januari, tulipopeleka uji na akina mama wa kanisa. Wacera wa Muigai, wale walikuwa na fotokopi hapo nyuma, na jina kwa kila kitu chao waliandika kwa nyekundu hii. Alikuwa amefunga blanketi zake na hiyo waya, ile boksi nyeusi inaning'inia kama kengele ya ng'ombe. Nikamuuliza, mama, watu wanakimbia na watoto na unga, wewe mbona na waya? Akaniambia mkono ulishika kile kilikuwa kwa ukuta. Mashine alidhani bwana yake ameibeba. Bwana naye alidhani mkewe ndiye anayo.

Transfoma akaketi.

— Wako wapi sasa? Jemutai akauliza.

— Cheptiret. Wacera anauza viazi kando ya barabara. Kama kuna mtu anajua volti za hii kitu, ni yeye.

— Mama Nanzala, Kipyego akasema, na sauti yake haikuwa ya kugombana. Na mtoto wangu ataenda na nini?

Hilo lilikuwa swali la haki.

Jemutai aliirudisha juu ya benchi, akaifungua, akabonyeza herufi chache mbele ya kile kioo kilichokufa. Akaifunga. Akavua sweta, akaizungushia isilowe.

— Keti chini, baba yake akamwambia, polepole, kama mtu anayeomba asisikike.

Hakuketi. Niliteremsha sufuria ya chai jikoni, nikachukua koti langu, nikamfungulia mlango, akatangulia na mashine njia ya Cheptiret. Nilimngoja Kipyego pale kizingitini kidogo. Aliangalia mvua, akaangalia zile waya za Transfoma, hakuinuka.

Nikatoka, nikafunga mlango.