Miaka Thelathini na Moja Kando ya Chumba cha Kufulia

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mshauri wa hospitali yetu, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Mama Kimya, atastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na moja ya ushauri. Asiyemfahamu atadhani ni mtu wa maneno machache. Jamani! Kwenye korido mama huyu ni redio isiyozimwa: atakuuliza hali ya mkeo, ya mkweo na ya jino lako lililokuuma juzi, na kicheko chake kinafika kabla yake. Jina la Kimya lilitoka ndani ya chumba chake, mlango ukishafungwa.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wanawake. Huko mganga mkuu wa wakati ule aligundua kwamba wagonjwa walioruhusiwa zamani walikuwa wakirudi wodini, si kwa ajili ya dawa, bali kumtafuta yule muuguzi anayejua kusikiliza. Kanisa likampeleka kusomea ushauri nasaha wa Kikristo, na aliporudi akapewa chumba pekee kilichokuwa wazi, kile kilichopakana na chumba cha kufulia mashuka. Mashine zinanguruma kutwa, joto la pasi linapenya ukutani, na harufu ya sabuni inakupigisha chafya. Lilipojengwa jengo jipya alipewa ofisi yenye zulia na feni. Akaikataa. Alisema kule watu watalia wakijiziba midomo wasisikike mapokezi. Hapa mashine zinawasitiri. Ofisi ile ikachukuliwa na mhasibu, ambaye hadi leo anamshukuru.

Alikuwa na sharti moja lililomletea maneno: siku ya kwanza hatoi aya. Mjane au mgonjwa wa saratani aliingia, akakaa, akalia, akasema alichonacho, hata kama alichonacho ni hasira juu ya Mungu. Wachungaji walilalamika kwamba hospitali ya kanisa inaendesha ushauri usio na Neno. Mama aliwajibu kwa upole kwamba Neno halina haraka, wenye haraka ni sisi. Hawakurudi tena na malalamiko hayo.

Tunamkumbuka fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, aliyeungua uso mtungi wa gesi ulipolipuka karakanani kwake. Alikuja amevuta kofia hadi machoni. Vipindi vitatu vizima hakutamka neno, na Mama naye akanyamaza. Mimi wa mapokezi nilipochungulia nilidhani wamelala. Kipindi cha nne fundi alisema anataka kufa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Walizungumza, wakasoma Maandiko, wakasali, miezi na miezi, mpaka kofia ikapanda juu kidogo kidogo. Malango yote ya hospitali hii yametengenezwa na mikono yake.

Halafu, miaka sita iliyopita, binti pekee wa Mama alifariki katika uzazi wake wa kwanza, yeye na kichanga chake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mganga hajigangi. Mama aliyewainua wengi alikwenda kwa mkurugenzi, akaweka ufunguo wa chumba mezani na kusema harudi. Alisema hana tena la kumwambia mtu kuhusu Mungu, kwa sababu yeye mwenyewe hasemezani Naye. Tuliogopa sana. Hatukuogopa kupoteza mshauri tu. Tuliogopa kumpoteza yeye.

Basi sisi wa idara yake ya ushauri, aliotufundisha mwenyewe kusikiliza, tukafanya nini? Tulimwendea kwa zamu, mabingwa wa kufariji, kila mmoja na aya yake mkononi. Mafunzo yote tuliyaacha getini. Watu watano tulimpelekea aya ile ile. Watano! Wa tano alikuwa kasisi wa hospitali, naye hakumaliza kuisoma. Alionyeshwa mlango kwa heshima, viatu akavalia nje.

Yule fundi hakuwa na aya. Alitoka kazini na ovaroli lake lililotobolewa na cheche, akaketi kizingitini kwa Mama, hakusema kitu, giza lilipoingia akaondoka. Kesho yake akarudi. Mume wa Mama ndiye aliyetusimulia. Wiki ya kwanza Mama hakumtazama. Wiki ya pili alimpa chai, akamwambia kwa ukali kwamba kama kazi yake ni kukaa tu, basi asogee asizibe njia. Siku moja akatoka, akaketi kando yake, akasema midomo yake imegoma kusali, basi fundi amsalie. Fundi akababaika, maana hakuwahi kusali mbele ya mtu. Mwishowe alimwambia Mungu: dada huyu ana uchungu, Wewe unaona, sisi tuko hapa tu, usituache. Basi. Mama akalia mpaka majirani wakatoka nje.

Mwezi uliofuata aliuchukua tena ufunguo wake. Kicheko kilichelewa kurudi, lakini wafiwa walianza kuja kutoka mbali kumtafuta. Aliwaambia kwamba mtu aliyeishiwa tumaini asijifanye analo; akae karibu na aliye nalo, litawatosha wote wawili. Akaanzisha kikundi cha wazazi waliofiwa, kinachokutana kila Alhamisi, na fundi ndiye anayepanga viti. Alipoulizwa kuhusu binti yake, hakujifanya amepata jibu. Alisema tu kwamba Mungu hajamjibu, ila hakumwacha.

Mama, asante. Asante pia kwa mumeo, ambaye tunasikia ameanza kuingiwa na hofu kwamba redio sasa itahamia nyumbani moja kwa moja. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na asubuhi zisizo na haraka. Lakini tunajua pia kwamba nyumba yenu ina chumba kisicholaliwa na mtu, na siku za mstaafu ni ndefu. Uchungu ukikurudia, usituonee haya eti kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wetu. Tuite. Tutakuja mikono mitupu, tutaketi pale kizingitini, na safari hii hatutafungua mdomo mpaka uanze wewe.