Mlinzi wa Utoro: Maisha ya Mzee Tuta (1951–2023)

Marehemu baba yetu, Mzee Tuta, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi matofali na mkewe. Alizaliwa kwenye chumba kilichovuja, na inasemekana beseni la kukinga maji lilikuwa karibu na kitanda kuliko mkunga. Yeye mwenyewe alidai kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ni tone, na kwamba alipofumbua macho alitazama juu kuona linatokea wapi. Dada yake, shangazi yetu dobi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita na alikuwepo, anasema alilia tu kama watoto wengine, tena kwa sauti mbaya.

Alianza shule ya msingi Januari 1959. Hatutasema uongo mbele ya jeneza: shule hakuipenda, na shule nayo haikujikaza kumpenda. Muhula wa mwisho wa mwaka 1963 ulikuwa na siku tisini na mbili. Marehemu alihudhuria thelathini na moja. Mwalimu mkuu aliandika neno moja tu kwenye ripoti, kwa wino mwekundu: "Utoro." Siku zilizobaki alikuwa kando ya barabara mpya iliyokuwa ikijengwa, akiwatazama vibarua wakishindilia udongo. Kufikia siku aliyofukuzwa aliweza kufinyanga udongo kiganjani na kukuambia kama utashika maji au utayaachia. Somo hilo halikuwa na mtihani, kwa hiyo halikuhesabiwa.

Juni 1974, baada ya miaka mingi ya vibarua vya barabara, alipata kazi kwenye ujenzi wa bwawa la klabu, lile lililo juu ya mtaa wetu. Wanachama walikuwa ishirini na sita, madaktari, mawakili na wafanyabiashara, waliotaka mahali pa kupiga makasia na kuvua samaki kisha kuwarudisha majini, jambo ambalo marehemu hakulielewa hadi anafariki. Kilichozuia maji hayo kilikuwa tuta la udongo mtupu ulioshindiliwa, urefu mita mia na ishirini, kimo mita tisa. Kazi ilipokwisha Oktoba 1976, mhandisi alimchagua yeye abaki kuwa mlinzi, akampeleka mguuni mwa tuta, upande wa mtaani, ambako maji kidogo hujipenyeza siku zote.

"Yakitoka maangavu," mhandisi akamwambia, "tuta linapumua, kanywe chai. Yakitoka na tope, linaliwa kwa ndani."

Kisha akamwonyesha njia iliyochongwa pembeni, ambako maji yakizidi hupita yenyewe yasije yakapanda juu ya tuta na kulimega. "Hii inaitwa utoro."

Marehemu alicheka mpaka mhandisi akaudhika. "Samahani, bwana mkubwa," akasema akijifuta machozi, "hiki ndicho nilichofukuziwa shule."

Kuanzia hapo, kila asubuhi alikinga maji ya mguuni mwa tuta kwa glasi, akayainua kwenye mwanga kama daktari mwenye wasiwasi. Akaziba mashimo ya panya kabla panya hawajahamia vizuri. Akang'oa pia miti kumi na moja ya kumbukumbu ambayo wanachama waliipanda juu ya tuta kwa hotuba na kupiga picha, kwa sababu mizizi hutoboa udongo. Wanachama waliamini kwamba udongo ule hauoteshi kitu, na yeye hakuona sababu ya kuwasumbua na ukweli.

Mama yetu alimkuta huko mwaka 1977, alipowaleta wanafunzi wake kutembea. Alimuuliza, "Kaka, hili ziwa lina kina gani?"

"Hili si ziwa, dada. Ziwa linajilinda lenyewe. Hili ni bwawa."

"Samahani, wewe ni mlinzi au kamusi?"

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Agosti 1978. Mtoro akaoa mwalimu. Walijaliwa watoto wanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyefanikiwa kukosa shule siku moja, kwani baba alizijua njia zote na mama alijua adhabu zote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hulisema nusunusu, tulimalize leo akiwa bado yupo nasi. Mwaka 1997 klabu iliandaa sherehe ya mashindano ya makasia. Kamati ilikaa vikao vitatu kuhusu rangi ya hema, na hakuna hata kimoja kuhusu mvua. Ili maji yafike kwenye ngazi za jukwaa na yapendeze, waliuziba utoro kwa mbao na magunia ya mchanga.

"Mzee, ni sentimita arobaini tu," mwenyekiti alimwambia.

"Hata anayezama, mwenyekiti, zinazomuua ni hizo arobaini za juu."

Mvua ilinyesha siku nne. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 17 Aprili, glasi ilitoka na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Alimwaga, akakinga tena. Akakinga mara ya tatu. Akapiga simu kwa mwenyekiti kutoka ofisi ya klabu, akajibiwa kwamba mwenyekiti yuko kwenye kikao cha viti. Basi akateremka mtaani, kwenye kijito, ambako shangazi alikuwa ameanika mashuka arobaini ya hoteli.

"Dada, anua mashuka."

"Nianue, na jua ndio kwanza limetoka?"

"Maji yanakuja."

"Kwa miguu au kwa gari?"

"Nikiyafungulia mimi, yatakuja kwa miguu. Nisipoyafungulia, yatakuja yenyewe."

Shangazi anasema katika maisha yake hajawahi kumtii mdogo wake isipokuwa siku ile. Alianua, akapita nyumba kwa nyumba akiwaita watu watoke kandokando ya kijito. Marehemu akarudi juu, akang'oa mbao zote kwa nondo, akafungua koki kubwa ya bwawa, ile ya chini kabisa, mpaka mwisho. Bwawa lilishuka taratibu, likamaliza Ijumaa. Jumamosi wageni walipofika na kofia zao, walikuta viboti vyote vya kukanyaga, vile vyenye umbo la bata, vimelala kwenye tope, vingine vikitazama mbingu.

Alifukuzwa kazi palepale, mbele ya hema, kwa kosa lililoandikwa "kuharibu mandhari kwa makusudi". Mhandisi aliyeitwa wiki iliyofuata aliingiza mkono kwenye tundu la tuta mpaka begani, akautoa, akaandika: "Huenda lingehimili, huenda lisingehimili." Kamati ilipigia mstari nusu ya kwanza. Mtaani nako, watu walewale aliowahangaikia walianza kumwita Mzee Tope. Tuta lilikuwa limesimama, nyumba zimesimama. Walitaka kuona kilichookolewa, na hakikuonekana. Nyumbani tuliishi kwa mshahara wa mwalimu mmoja, na mama, ambaye si mtu wa kulalamika, alilalamika mara moja.

"Ungewaambia tu, baba watoto."

"Niliwaambia."

"Ungewaambia tena."

"Ile koki ndiyo ilikuwa tena."

Lakini tulimwona akitembea uani akihesabu vidole, akipima upya. Hakuwa na uhakika, na hilo lilimla kuliko kukosa kazi.

Tundu lilizibwa, tuta likashindiliwa upya, mvua za Novemba zikaja, na bwawa likagoma kujaa. Mlinzi mpya alikuwa akikaza koki kila siku kwa nguvu zake zote, kuelekea kulia, kama koki zote duniani. Ile ilifungwa kuelekea kushoto. Alikuwa anaifungua. Baada ya wiki tatu wanakamati wanne walikuja kwetu, wakakalishwa kwenye vigoda vya watoto, magoti yakagusa videvu.

"Karibuni," mama akasema. "Mmefuata mandhari?"

Marehemu hakuomba fidia wala samahani. Aliomba ahadi ya maandishi kuhusu utoro. Wakili wao akaandika kurasa nne. Marehemu akampa mama asahihishe, mama akatoa kalamu nyekundu, akakata na kukata mpaka yakabaki maneno mawili: "Utoro hauzibwi." Wote ishirini na sita wakatia sahihi. Ndipo akawaambia, "Kushoto."

Alirudi kazini, akastaafu Desemba 2017. Mwaka 2021 miguu ilianza kumvimba. Daktari alimweleza kwamba moyo umechoka na maji yanamjaa mwilini. "Basi daktari," akasema, "mmeziba utoro." Alitibiwa kwa miaka miwili, akiwauliza wauguzi kila asubuhi mkojo wake ni mwangavu au una tope, na akikataa jibu la "sawa tu".

Mwezi uliopita mwenyekiti, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alikuja hospitalini kumjulia hali. Alisogeza kiti karibu na kitanda, akasema, "Mzee mwenzangu, sasa tuko wawili tu. Niambie ukweli. Lingebomoka?"

"Sijui."

"Miaka ishirini na sita, bado hujui?"

"Mwenyekiti, kulikuwa na njia moja tu ya kujua, na dada yangu alikuwa anafua."

Mwenyekiti alimshika mkono, na hakuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Ameacha pia, mguuni mwa tuta, nyumba themanini na tatu, shule moja ya msingi na dobi mmoja mkaidi. Watu mia nne na kitu, wengi wao wamezaliwa baada ya mwaka 1997, na asubuhi hii wamepiga mswaki, wamegombania bafu na kuchelewa kazini bila kujua kwamba na wao wameachwa na marehemu.

Apumzike kwa amani, hata mvua ikinyesha.