Saa Tisini na Mbili za Shamba la Mama

REINO: Haloo? Nani mwenzangu? Nasikia upepo tu.

AILI: Ni mimi, Aili. Au siku hizi humjui dada yako kwa sauti?

REINO: Aa, dada, shikamoo. Niko kambini, kwenye kibanda cha huku ziwani, mtandao unachechemea. Ngoja nisogee dirishani... Haya, sasa.

AILI: Marahaba. Umekula?

REINO: Nimepasha ile pai ya nyama uliyonifungia. Na nimetoka sauna sasa hivi, nywele bado mbichi. Vipi, kanisani walikuwa wengi?

AILI: Reino.

REINO: Naam.

AILI: Kitendawili.

REINO: (anacheka) Umekuwa Mama sasa? Haya, tega.

AILI: Ajuza kalima miaka kumi na moja, jembe halijui udongo. Saa yake ikamhesabia siku nne.

REINO: Jembe halijui udongo... Hiyo rahisi. Ni ile gemu ya marehemu Mama, shamba lake la kwenye kaseti.

AILI: Umepata nusu. Na siku nne?

REINO: Hapo sijui. Nakupa mji. Chukua Ishpeming.

AILI: Ishpeming nimeishi miaka thelathini, ina nini cha kunipa? Nataka jibu.

REINO: Dada, mtandao una—

AILI: Mtandao mzima. Nakusikia unavyohema.

REINO: Haya, nakusikiliza.

AILI: Leo niliporudi kanisani niliwasha ile kompyuta ndogo uliyoniletea Krismasi. Nikakaa mbele ya tivii na kahawa yangu, nimwagilie shamba la Mama kama kila Jumapili. Kidole kikateleza, nikabonyeza kitufe cha pembeni. Ikatokea picha sijawahi kuiona. Jina la mchezaji: Helmi, jina la Mama. Muda aliocheza: saa tisini na mbili, hata siku nne hazijatimia.

REINO: Ah, hiyo. Sikiliza, hizi kompyuta zinaigiza tu ile mashine ya zamani. Ukihamisha gemu, saa huwa zinajichan—

AILI: Usinizungushe. Kwenye mashine yake ya mkononi saa ilikwama mia tisa tisini na tisa, haikuwa na pa kwenda tena. Alituonyesha sote mezani. Akasema, "Saa imechoka, mimi bado." Wewe ulicheka mpaka maziwa yakakutoka puani.

REINO: (mkwaruzo kwenye simu)

AILI: Upo?

REINO: Nipo.

AILI: Haya.

REINO: Nilibadilisha betri.

AILI: Betri gani?

REINO: Ndani ya kaseti mna kabetri, kama kifungo cha shati. Ndiko kanakolishika shamba lisifutike. Kalikuwa kamechoka, nikaogopa katakufa wakati wowote. Nikafungua, nikakatoa ili niweke kapya, halafu ndipo nihamishie kwenye—

AILI: Ulikatoa kabla hujanakili.

REINO: Nilidhani kwa dakika mbili tu—

AILI: Wewe. Wewe unayewaandikia wenzako huko mtandaoni, "Nakili kwanza, bisibisi baadaye." Ulinisomea mwenyewe. Ulikuwa unamcheka bwana mmoja wa Ohio aliyefuta gemu yake ya utotoni.

REINO: Ndiyo.

AILI: Kwa hiyo hili shamba ni la nani?

REINO: (mkwaruzo) —angu.

AILI: Sema tena.

REINO: Langu. Nimelilima mimi. Wiki tano, kila nikitoka kazini. Nilijaribu kukumbuka kila kitu chake, dada. Kuku saba wenye majina yetu, ule uzio, daraja, ng'ombe aliyempa jina la mchungaji—

AILI: Na matango?

REINO: Matango yapi?

AILI: Ya kando ya kisima. Januari nilikupigia. Nikakwambia nimeona Mama kapanda matango kando ya kisima, palepale Baba alipokuwa akipanda yake kule nyumbani. Nililia, Reino. Wewe ukasema nini?

REINO: Dada, tafadha—

AILI: Nataka nikusikie.

REINO: Nilisema, "Ndivyo alivyokuwa."

AILI: Na ulipokuwa unayapanda?

REINO: Ndizo mbegu zilizokuwa zimebaki. Sikumfikiria Baba hata kidogo.

AILI: (kikombe kinagonga meza)

REINO: Dada?

AILI: Kila Jumapili nimekaa namsimulia mama yangu habari za wiki nzima. Kumbe naisimulia kazi ya vidole vyako. Ungeniambia tu, "Dada, nimeiharibu." Ningekufokea, ungenuna, tungekunywa kahawa, yangeisha.

REINO: Siku ile ulivyofungua boksi, uso wako... nikashindwa.

AILI: Krismasi ni siku moja. Sasa tuko Machi.

REINO: Nilifanya kwa kukupenda.

AILI: Najua. Ndiyo maana sikukushuku. (mkwaruzo) Kaseti yenyewe iko wapi?

REINO: Hapa kambini, kwenye droo. Lakini haina kitu. Ukiiwasha inakuuliza jina lako, kama umefika leo.

AILI: Niletee.

REINO: Naweza kuirudishia hili shamba, kuna njia. Nikiichomeka tu kwenye—

AILI: Usitie kitu. Usiiguse na bisibisi yako. Niletee hivyohivyo ilivyo.

REINO: Sawa. Kesho asubuhi, wakishasafisha theluji barabarani. Tukae, tuongee vizuri, nikuel—

AILI: Iweke barazani, juu ya kuni. Usigonge.

REINO: Nisigonge?

AILI: Umesikia.

REINO: Aili, simu yangu inazima, imebaki asilimia moja. Nisikilize kwanza, mimi si—

AILI: Basi ichomeke chaja, usije ukakwama huko na baridi hii bila simu. Na ukaushe hizo nywele. Haya, kwaheri.

REINO: Ngoja. Hata nikiona moshi wa jiko lako unafuka?

AILI: Moshi utakuwepo. Nitakuwa ndani.

REINO: Basi nita— (simu imezima)