Niliyoyaona na Niliyoambiwa: Maisha ya Mzee Penseli wa Zimamoto

Marehemu mzee wetu, ambaye kikosi kizima cha zimamoto kilimwita Mzee Penseli, aliambiwa kwamba alizaliwa tarehe 3 Mei 1950, mtoto wa nne wa seremala na mkewe. Tunasema aliambiwa kwa sababu ndivyo alivyotaka. Wiki tatu kabla ya kututoka alimwita binti yake, anayewasomea wasifu huu, akampa masharti akiwa amelala kitandani.

"Ya kuzaliwa sikuyaona mimi, kwa hiyo andika niliambiwa. Na lile la fundi cherehani liandikwe. Mkiliacha, hamjaandika kitu."

Binti alijibu, "Sawa, baba," huku akijua kwamba baba mdogo hatapenda. Na kweli hakupenda. Alisema mtu hazikwi na makosa yake yakisomwa mbele za watu.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Hesabu zilimkalia kooni, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata walimu wakampa kazi ya kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake waliomshinda. Kisa hicho alikisimulia kila mwaka matokeo yalipotoka, na kila mara alianza kucheka peke yake kabla hajafika mwisho.

Tarehe 1 Februari 1971 alijiunga na zimamoto. Alishika mpira wa maji kwa miaka sita, kisha akapewa kazi ya kuandika ripoti za matukio. Moto ukishazimwa, wenzake wakitoka yeye ndiye anayeingia, anachutama kwenye majivu, anatazama ukuta umeungua wapi zaidi na sakafu imesalimika wapi. Aliandika kwa penseli, maana wino ukilowa unatawanyika, na penye moto kila kitu hulowa. Penseli hiyo haikutoka sikioni hata siku za mapumziko. Aliwahi kuoga nayo. Mwisho wa fomu palikuwa na visanduku vitatu vya chanzo cha moto: ajali, makusudi, haijulikani. Alama moja kwenye kile cha kati ilitosha kumpeleka mtu mahakamani.

Ripoti zake zilichapwa na karani wa kituo, dada mpole wa sura lakini asiyemung'unya maneno. Siku moja alimrudishia karatasi na kumwambia, "Hapa umeandika 'inasemekana' mara saba. Nani anasema?" Marehemu alijikuna kichwa, akaenda kuandika upya. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978. Mama yetu husema alimkubali kwa sababu ripoti ya pili ilikuwa safi.

Sasa tuje kwenye lile la fundi.

Mchana wa tarehe 9 Agosti 1983 kibanda cha fundi cherehani kiliteketea, mashine tatu na nguo za wateja zikaisha zote. Fundi mwenyewe, mama wa watoto wawili, alikuwa ametoka kugombana na mwenye nyumba asubuhi ileile, na mtaa mzima ulisikia. Marehemu alipofika, watu walishahukumu kwamba amekichoma mwenyewe. Alipoingia ndani alikuta chupa ya mafuta ya taa na harufu yake imejaa kote. Akatia alama kwenye kisanduku cha makusudi, akaweka sahihi. Fundi akakamatwa, wanawe wawili wakabaki kwa jirani. Mama yetu hakuwepo kituoni kuichapa ripoti hiyo, alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Mpaka leo humtania binti yake huyu kwamba angechelewa kidogo kuzaliwa, ripoti ile isingepita.

Siku ishirini na moja baadaye marehemu alikuwa nyumbani anakula, na fundi wa mashine amekuja kusafisha cherehani ya mama. Yule bwana akatoa kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akaanza kupangusa vyuma. Harufu ilimfikia marehemu akiwa na tonge mkononi.

"Mafundi wote mnasafishia hayo?" aliuliza.

"Wote, mzee. Sasa tutasafishia nini, uji?"

Aliacha sahani palepale akarudi kwenye kibanda kilichoungua. Alifagia majivu mpaka chini. Sakafu ya pale ilipokuwa chupa haikuwa imeungua. Kilichoungua hadi ndani ni ukuta, nyuma ya soketi ya pasi, na waya zake zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Alikaa chini akashika tama, maana alijua kuna mwanamke mahabusu kwa sababu ya mkono wake.

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia. "Ripoti ukishaitia sahihi imetoka. Ukiibadilisha utaonekana hujui kazi."

"Nilikuwa sijui, mkuu," marehemu alijibu. "Sasa najua."

Tarehe 12 Septemba alisimama mahakamani akasema alitia alama kwa maneno ya watu na kwa harufu, na kwamba amekosea. Fundi aliachiwa siku ileile. Marehemu alihamishiwa stoo, akakaa miaka miwili akikunja mipira ya maji. Alituambia ilikuwa miaka mizuri kwa usingizi wake.

Aliporudishwa kwenye ripoti mwaka 1985 alikuja na utaratibu wake: kurasa mbili, moja ya niliyoyaona, nyingine ya niliyoambiwa, na kisanduku hakitiwi alama mpaka ya kwanza itoshe peke yake. Walimcheka, kisha wakamwiga. Kwa ripoti za namna hiyo wachomaji wa kweli walipatikana, na wengi waliosingiziwa walirudi makwao. Alistaafu tarehe 30 Juni 2010, na vijana wa kituo waliosimama pale nyuma leo bado wanajaza kurasa mbili.

Nyumbani hatukupona. Binti yake alipokuwa na miaka saba sahani ilivunjika, akapewa daftari aandike ripoti. Kwenye niliyoyaona aliandika: "Sahani iko chini." Kwenye niliyoambiwa: "Kwamba ni mimi." Marehemu alicheka hadi akakaa sakafuni, na adhabu ikasahaulika.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Moshi wa miaka mingi, daktari alisema, na marehemu akamuuliza kama ameuona au anakisia. Daktari akamwonyesha picha. Akaitazama sana, akasema, "Haya, tia alama." Alitibiwa kwa miaka mitatu bila kulalamika, na alifariki Jumanne ya tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mama ameshika mkono wake. Haya tuliyaona.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja, yaani baba mdogo, ambaye jana aliisoma karatasi hii mara mbili, akairudisha na kusema, "Someni yote."

Ameacha pia fundi cherehani, ambaye marehemu alitaka aandikwe pamoja na familia. Alifungua tena kibanda chake mwaka 1984, amefundisha mabinti kumi na wanne, na suti aliyovaa marehemu leo ameishona yeye. Binti alipomwendea juzi kumuuliza aandikwe vipi, aliweka mkasi mezani.

"Kule mahabusu niliambiwa yule wa zimamoto ni adui yangu," alisema. "Nilichokiona ni mtu mzima amesimama mbele ya hakimu, anasema nimekosea, mrudisheni huyu mama kwa watoto wake. Niandike dada."

Basi ameacha na dada. Apumzike kwa amani Mzee Penseli, na hili tumelitia sahihi sote.